Farasi Sita wa Kahawia

Juno hakukiruka kivuli. Hilo ndilo nililoliona kwanza.

Nyuma ya banda letu palikuwa na msonobari mmoja uliosimama peke yake, na kila asubuhi ya jua ulilaza kivuli chake uani, kutoka kwenye hori la maji mpaka karibu na mlango wa jikoni. Juno alikuwa na ugomvi na kivuli hicho. Nikimtoa bandani kwenda kunywa maji, alifika ukingoni mwake, akasimama, akakipulizia pua, kisha akakiruka kama mtu anayeruka mfereji. Eusebio, mtunza farasi wetu, hakuacha kumcheka. "Mama mzima," alimwambia, "bado unaogopa kulowa miguu!"

Asubuhi hiyo alipita juu ya kivuli akitembea tu, kichwa chini, kana kwamba uwanja wote ulikuwa mweupe. Aliyesimama ni mimi. Kamba ikakaza, naye akanigeuzia sikio moja, kuuliza kuna nini.

Nikamrudisha, nikampitisha tena. Akatembea. Nikainua nywele za kipaji chake. Jicho la kushoto lilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Kwetu huko milimani ugonjwa ule tuliuita upofu wa mwezi, kwa sababu huja na kuondoka, huja na kuondoka, jinsi mwezi unavyojaa na kupungua, mpaka siku moja unakuja na kukaa.

Nikazishusha nywele zile, nikazilaza vizuri juu ya macho. Sikumwambia mtu.

Siku zile, nje ya maneno ya kazi, nilikuwa simwambii mtu kitu chochote. Ububu sikuwa nao. Maneno yalikuwapo, ila yakifika mdomoni yalikuta mlango umefungwa, yakarudi yalikotoka. Shule niliisoma majira mawili ya baridi tu, kule bondeni. Kisha mama akafariki, theluji ikafunga njia, na njia ilipofunguka hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Nikabaki bandani. Farasi hawamwamrishi mtu asome kwa sauti.

Baba yangu, Amasa Fenner, ndiye aliyekitunza kituo cha kampuni ya magari ya farasi, pale gari la abiria na barua lilipobadilishia farasi. Mguu wake ulivunjwa na gurudumu nikiwa mdogo, kwa hiyo yeye alikaa na abiria mezani, na mahindi na maharage na kahawa vikiwa tayari, na mimi na Eusebio tukafunga farasi. Juu ya kituo kulikuwa na njia ya kileleni, msitu mtupu. Chini yake kulikuwa na njia ya korongo, iliyochongwa kwenye ubavu wa genge, mlima mkono mmoja na hewa mkono wa pili. Kila njia ilikuwa na farasi wake. Kikosi cha juu kilipanda na kushuka msituni tu, mwaka baada ya mwaka, na kikosi cha korongo kilishuka na kupanda korongo tu. Farasi wa njia moja hakujua ya pili inafananaje.

Juno alikuwa wa njia ya juu, jozi ya mbele. Wa nyuma kabisa, wale wanaokaa karibu na magurudumu, walikuwa wazito, wenye damu ya farasi wa kulimia kutoka Ohio, na kazi yao ilikuwa kulizuia gari zaidi ya kulivuta. Wa katikati walikuwa watulivu, wafuataji. Wa mbele ndio wanaoisoma njia, kwa hiyo hao walichaguliwa wepesi wa mwili na wa akili. Juno alikuwa wa uzao wa Morgan, mfupi, shingo nene, rangi ya kahawia iliyoiva na mkia mweusi. Alitoka Vermont akiwa mtoto, akitembea nyuma ya mkokoteni wa mtu. Mwenzake, Pilot, alikuwa farasi wa porini aliyekamatwa Nevada, kijivu chenye madoa, kichwa kama sanduku. Hakuna aliyewahi kusema Pilot ni mzuri. Lakini walikuwa wamevuta pamoja muda mrefu mpaka walivuja jasho sehemu zilezile za mwili, na wakilala bandani walipumua kwa zamu.

Baada ya asubuhi ile nilianza kuwaangalia wakiondoka. Juno alikuwa amesogea. Bega lake lilikuwa karibu na bega la Pilot, karibu kiasi cha upana wa mkono, na Pilot akigeuka, Juno aligeuka ndani ya mgeuko huohuo, kama maji ndani ya ndoo. Zile ngozi tunazowafunga farasi pembeni mwa macho zilimficha mbele za watu. Pilot alikuwa anaona kwa ajili ya wawili, na nadhani hakujua kwamba anafanya jambo lolote.

Siku moja gari lilipokuwa halijafika, nilimchukua Juno peke yake, tukapanda njia ya juu. Nilishika nywele za shingo yake nikafumba macho. Nilitaka kuona anachokiona.

Mwanzoni niliona wekundu wa jua ndani ya kope zangu, basi. Kisha njia ikaanza kuja. Ilikuja kwa miguu: mahali palipo laini kwa majani makavu ya misonobari, mahali palipo na mawe, mahali ambapo mizizi imeinua udongo. Ikaja kwa pua, utomvu uliopashwa moto, halafu ubaridi wa mahali pasipofikiwa na jua. Kijito kilianza kusikika mbali upande wa kulia, kikapita chini yetu darajani, kikaendelea kuongea upande wa kushoto. Juno hakusita hata kidogo. Alitembea kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake taa zikiwa zimezimwa. Nilipofumbua macho nilistaajabu jinsi msitu ulivyokuwa mdogo. Ule wa gizani ulikuwa mkubwa zaidi.

Nikaona basi, anaweza kuendelea. Juu, na Pilot.

Kwa nini sikusema ilikuwa rahisi kueleweka kwa yeyote wa kituo. Farasi wa mbele akipofuka hapelekwi malishoni. Farasi wa kampuni ni wa kampuni, ana chapa yao pajani, na asiyefaa hupelekwa nyuma ya kilima. Eusebio humwongoza akimwimbia kwa lugha ya kwao Sonora, kisha hurudi peke yake na bunduki, na siku hiyo hamtanii mtu.

*

Bwana Haskett, msimamizi wa njia nzima, alikuja majira ya misonobari kudondosha mbegu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na koti zuri na sauti ya upole, na aliwapenda farasi jinsi watu wengine wanavyopenda mapazia. Alizunguka uani akiwa amefungia mikono mgongoni.

"Amasa," alimwambia baba, "wakubwa wanakuja kutoka San Francisco, na wake zao. Watapanda kwa njia ya korongo Jumapili. Na mimi nawapokea na nini? Mmoja mweusi, mmoja mwekundu, mmoja kama shuka lililomwagiwa kahawa."

"Wanavuta, bwana," alisema baba.

"Najua wanavuta. Hata ng'ombe wanavuta." Akatabasamu. "Nataka sita wa kahawia, mikia myeusi, wote kikosi cha korongo. Wa kijivu wote wapande juu. Nimehesabu, mnao. Huyu kwa mfano." Akaweka kiganja kwenye shingo ya Juno. "Huyu ni pambo. Huyu anafichwa msituni kwa nini? Mwekeni mbele."

Eusebio alikuwa anasugua ngozi za hatamu kwa mafuta. "Farasi si vikombe, bwana," alisema bila kuinua kichwa. "Hawanunuliwi kwa seti."

"Ndiyo maana mimi ni msimamizi na wewe una mafuta hadi kwenye nyusi," alisema Bwana Haskett, na wote wakacheka, Eusebio pia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nyuma ya Pilot, nimeshika brashi. Nilifungua mdomo. Nilisikia neno lenyewe likipanda, kipofu, ni neno fupi tu, na nyuma ya neno hilo nikaona kilima na Eusebio akirudi peke yake. Likarudi chini.

"Binti yako anataka kusema kitu," Bwana Haskett alimwambia baba.

"Huyo?" baba alisema. "Huyo akisema kitu tutapiga kengele, bwana. Tutachinja nguruwe."

Jioni ile jua likiwa bado kwenye vilele, nilikwenda kwa baba aliyekuwa amekaa mlangoni na mguu wake juu ya kigoda. Nilisimama mbele yake.

"Nini, mwanangu?"

Nikatazama mikono yangu.

"Umeungua? Umevunja sahani?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kaa hapa na mimi, tusiseme wote wawili," alisema, akanisogezea nafasi. Alikuwa mpole sana kwangu, baba, na upole wake ulinifunga mdomo zaidi.

Kesho yake Pilot alipandishwa juu na kijivu mwingine pembeni yake. Juno alibaki bandani akiita. Aliita mpaka sauti ya magurudumu ilipokwisha msituni, kisha akasimama amegeuzia uso ukutani.

Nilimtoa nikampeleka kwenye njia ya korongo, kwenye kona ya kwanza tu. Nilifumba macho kama nilivyofanya juu. Nilingojea njia ije, nayo haikuja. Upande mmoja jiwe lilirudisha sauti ya kwato. Upande wa pili hakuna kilichorudi. Upepo ulipanda kutoka chini ukiwa na harufu ya mahali pa mbali sana. Sikuwa na la kushika isipokuwa nywele za Juno, na nywele zile zilikuwa zinatetemeka. Alikuwa amesimama. Alipeleka kwato moja mbele, akagonga chini polepole, akairudisha. Jasho lilimtoka shingoni ingawa tulitembea hatua chache tu kutoka nyumbani. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kunifanyia. Aliegemeza paji la uso wake kwenye kifua changu akasukuma, taratibu, kama mtoto anayetaka kuingia ndani ya nguo za mama yake.

Tulirudi kinyumenyume mpaka pale alipoweza kugeuka.

*

Hapa lazima niseme jinsi gari lilivyokuwa likiondoka kwenye njia ile, maana sehemu nyingine hawafanyi hivyo.

Dereva hafungi farasi na hateremki kuwakagua. Anakaa juu, glavu mkononi, anatazama mbele kama mfalme anayengojea kuvishwa viatu. Wanaofunga ni watunza farasi, na wa mwisho kufungwa ni jozi ya mbele. Aliyewafunga hao ndiye anayekusanya hatamu zote sita, anapanda kwenye gurudumu, anaziweka mikononi mwa dereva, na anasema: "Wote wako." Maneno mawili. Kabla hayajasemwa, farasi ni wa kituo. Yakishasemwa, farasi na abiria na barua na roho zote ni za dereva. Dereva haondoki bila maneno hayo hata nyumba ikiwaka moto, na hayawezi kusemwa na mtu mwingine, hata awe nani. Ni lazima yatoke kwa mkono uliofunga. Yasiposemwa, farasi hufunguliwa wote na kufungwa upya, na wanaume wa njia ile waliamini kwamba ukienda kinyume cha hapo utakwenda kulala chini ya gari lako.

Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga wa mbele. Kwa hiyo kila siku nilikuwa na maneno mawili ya kumwambia mwanamume mmoja. Eusebio alinitania: "Usiyamalize yote leo, binti. Bakiza moja la Krismasi."

Mwanamume huyo alikuwa Orrin Tarbell. Alikuwa ameendesha tangu New Hampshire, kabla sijazaliwa. Mtu mkimya, ndevu za rangi ya kamba, vidole virefu kuliko ilivyo kawaida. Alisikia midomo ya farasi sita katika vidole vile kama wewe unavyosikia mvua usoni. Na dereva wa njia yetu alikuwa na haki moja kubwa: angeweza kumkataa farasi yeyote. Lakini farasi aliyekataliwa na dereva hatumiki tena na kampuni, siku hiyohiyo. Mpaka siku ile Orrin hakuwahi kumkataa hata mmoja.

*

Asubuhi ya kushusha farasi wa kahawia kulikuwa na ukungu. Ulikuwa umepanda kutoka korongoni ukajaza uani, na kila mtu alionekana nusu. Baba alikuwa kofia na fimbo. Msonobari haukuwapo. Farasi sita walisimama wakitoa mvuke, na mvuke wao ukaingia kwenye ukungu bila kuonekana mwisho wake, kwa hiyo ilikuwa kana kwamba weupe wote ule ulikuwa unatoka puani mwao, kana kwamba wao ndio walioipumulia dunia.

Walikuwa wazuri. Siwezi kusema vingine. Migongo sita ya rangi moja, kama mto wa asali.

Gari lilisikika kabla ya kuonekana. Lilining'inia kwenye mikanda minene ya ngozi, na likija lilikuwa na sauti ya kitanda cha mtoto kinachobembezwa. Pilot akatokea kwanza, amelowa, akaita. Juno akamjibu. Tuliwafungua wa juu, Eusebio akawachukua, tukawaleta wa kahawia mmoja mmoja mbele ya gari. Eusebio alifunga wa nyuma na wa katikati. Mimi nikamfunga kwanza Duke, mwenzake mpya wa Juno, kisha Juno. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe. Nilipofunga mnyororo wake wa mwisho alikuwa anapeleka pua huku na huku, akitafuta upande wake palipokuwa na Pilot, akikuta mtu mwingine.

"Aa!" alisema Bwana Haskett kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Sasa hapo macho yanaona kitu."

Abiria mmoja mwanamke mwenye kuku kwenye kikapu aliangalia dirishani akasema, "Wamefanana hivi! Nyie mnawajuaje?"

"Kwa harufu ya miguu, mama," Eusebio akamjibu.

Nilikusanya hatamu. Nikapanda kwenye gurudumu. Orrin alinyoosha mikono bila kunitazama, jinsi alivyofanya siku zote, nami nikaziweka hatamu katikati ya vidole vyake moja moja, na ile ya Juno ikawa ya mwisho. Niliona vidole vyake vikifunga. Niliona vikisimama. Nadhani alimsikia pale pale, jinsi alivyokuwa anatetemeka upande wa pili wa ile ngozi ndefu.

Akaangalia mbele kwenye ukungu. Akangoja.

Sikusema.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Eusebio aliondoa mawe kwenye magurudumu. Kuku alilia kikapuni. Kisha kimya changu kikaanza kusikika, kama mtu anavyosikia saa ya ukutani iliyosimama.

"Haya, Thirza," baba aliita kutoka ndani ya ukungu.

Nilibaki nimesimama kwenye gurudumu, mkono mmoja umeshika chuma cha kiti. Chuma kilikuwa baridi sana. Nilikuwa nasikia pumzi ya Juno nikaitofautisha na za wale watano.

"Ameganda," abiria mmoja alisema. "Huyu msichana ameganda."

"Ni aibu tu," baba alieleza kwa haraka. "Hajazoea msimamizi akimtazama. Thirza! Mwanangu, ni maneno mawili. Yaleyale ya jana."

"Wote wako!" alisema Bwana Haskett, akicheka kidogo. "Haya, nimesema mimi. Twende. Barua zinachelewa."

Orrin hakusogea. "Wewe hukufunga, bwana," alisema.

"Tarbell, kwa hisani yako. Ni mtoto mwenye haya. Unataka tukae hapa mpaka aolewe?"

Watu wakacheka ndani ya gari. Damu ilinipanda usoni mpaka masikioni. Nilijua wananitazama wote, kofia na nyuso zikining'inia katika ule weupe, na mahali pote mwilini mwangu palitaka kusema maneno yale mawili ili wageuze macho. Nilikaza meno.

"Nangoja," alisema Orrin. Sasa alinigeukia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona macho yake kwa karibu, ya kijivu na mekundu pembeni kwa vumbi la miaka. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia kama mtu anayeshikilia mlango ukiwa wazi ili upepo usiufunge, na nikatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi ambacho yeye peke yake angeweza kuona.

Akavua glavu moja.

"Hajasema," alitangaza kwa sauti ya kazi. "Eusebio, fungua."

"Wote?"

"Wote. Wafunge upya. Na wa mbele niletee wale wa siku zote, Button na yule mwekundu. Kimya kimeshaingia kwenye jozi hii. Sishuki nayo korongoni."

"Hii ni imani ya vikongwe!" alisema Bwana Haskett.

"Ndiyo, bwana," Orrin alimjibu. "Vikongwe wengi niliowajua walikufa vitandani mwao."

"Unamkataa yule farasi? Kama unamkataa, sema, tuandike."

"Simkatai. Farasi sijakabidhiwa, nitamkataaje? Yuko mikononi mwa kituo." Akafikiri kidogo, akizungusha glavu. "Lakini kama mimi ndiye ningekuwa kituo, yule wa Morgan ningemrudisha njia ya juu kesho. Si mbele. Katikati, kando ya yule kijivu wake mwenye kichwa kibaya. Katikati farasi hahitaji kufikiri. Ana mwenzake mbele, ana mwenzake nyuma, ana mwenzake pembeni. Anasikiliza tu."

Bwana Haskett alishuka ngazi. Alikwenda mpaka kwa Juno, nami nikashuka kwenye gurudumu. Alisimama mbele yake. Ukungu ulikuwa unapita kati yao. Kisha alinyoosha mkono wake mzuri uliooshwa, akainua nywele za kipajini.

Abiria walichungulia dirishani. Hata yule kuku.

Juno alinusa mkono wa koti lake, akapuliza.

Bwana Haskett alizishusha nywele zile, akazilaza vizuri juu ya macho kama nilivyozilaza mimi. Alipogeuka, uso wake ulikuwa na uchovu ambao haukuwapo alipokuwa na kikombe.

"Yule mwekundu ana mguu mzuri, nikimwangalia tena," alisema bila kumtazama mtu. "Na sita wa rangi moja, katika ukungu hata huwaoni. Amasa, fanya kama Tarbell anavyotaka. Katikati, njia ya juu. Na wakubwa wakiuliza, waambie farasi wetu ni wa rangi zote kama Marekani yenyewe."

Tulifungua, tukafunga. Mikono yangu sasa ilikuwa imeamka, ikakosea mpaka Eusebio akanisaidia mnyororo mmoja. "Pole pole, mama," aliniambia chini chini. Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo. Nikapanda tena kwenye gurudumu, nikaweka hatamu sita mikononi mwa Orrin Tarbell.

Aliinama kuzipokea, zaidi ya ilivyohitajika.

"Nilikuwa naomba usiseme," aliniambia. "Njia nzima kutoka kileleni nilikuwa namsikia Pilot akivuta upande mmoja, akimtafuta. Nikasema, wamempeleka chini. Nikaomba usiseme."

"Wote wako," nikasema.

Gari likabembea likaingia kwenye ukungu, Button mweusi, mwenzake mwekundu, na wanne wa kahawia nyuma yao. Sauti ya kwato ilizunguka kona ya kwanza. Upande mmoja ilirudi kutoka kwenye jiwe, na upande wa pili ilikwenda zake.

*

Juno alivuta katikati, kando ya Pilot, mpaka reli ilipopita mlima na gari la mwisho likashuka tupu. Baba aliwaomba wote wawili, na kampuni ikampa bila kuuliza. Walikufa malishoni kwetu, majira yaleyale, Juno kwanza. Sasa pale penye banda pana bustani ya tufaha.

Baba alikisimulia kisa kile maisha yake yote. Alikisimulia kwa wageni, kwa mume wangu, kwa watoto wangu wakiwa wamekaa kwenye mguu wake mzima. "Siku mama yenu alipoganda," ndivyo alivyokuwa akianza. "Msimamizi mkubwa anamtazama, abiria wamejaa, na maskini mtoto akamezwa na haya mpaka maneno mawili yakamshinda! Na kwa bahati tu, Mungu aibariki haya yake, yule farasi akapona." Kila mtu alicheka, nami nilicheka pia, nikaenda kuangalia kahawa kama imechemka. Alikuwa anafurahi sana akikisimulia. Sikutaka kumharibia.

Amelala chini ya mawe matatu sasa, upande wa njia ya juu.

Haikuwa haya, baba. Nilikataa.